Unga wa Kadutu

Nilipotimiza miaka 51 nilianza kuona kwamba nguvu za kiume zinanipungukia, na kwa muda wa miezi minane sikumwambia mtu yeyote, hata mama watoto anayelala ubavuni mwangu. Hapa Bukavu mwanaume akipatwa na jambo hilo husemwa kwamba amerogwa, au kwamba uzee umemfikia. Mimi nilikimbilia soko la Kadutu, nikanunua unga wa kahawia uliofungwa katika karatasi ya daftari yenye hesabu za mwanafunzi, na muuzaji akanielekeza niunywe kwa chai ya moto kabla ya kulala. Usiku ule moyo ulinienda mbio, uso ukawaka, kichwa kikagonga hadi alfajiri, kingine hakikutokea.

Baadaye nilielezwa kwamba unga wa namna hiyo, katika nchi nyingi, hukutwa umetiwa kwa siri sildenafili, dawa ileile iliyomo katika vidonge vya Viagra, kwa kiasi asichokijua muuzaji wala mnunuzi. Ikiandikwa na daktari ni dawa nzuri, lakini kwa mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za jamii ya nitrati inaweza kushusha tansio, yaani shinikizo la damu, ghafla na kumuua.

Nilikwenda kituo cha afya kwa kisingizio cha kuumwa mgongo. Muuguzi, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinipima tansio akapata 16 kwa 10, yaani 160 kwa 100, kisha akanitoboa kidole kabla sijala chochote, na kile kimashine kikaonyesha sukari 214, ilhali 126 tu inatosha kumtia mtu katika mashaka ya kisukari. Akavua miwani. "Papa, usiku unaamka mara ngapi kwenda kukojoa? Na kitandani, mambo yako yanaendaje?" Mgongo hakuuulizia tena.

Alinieleza kwamba mishipa ya damu ya uume ni myembamba kuliko ile ya moyo, kwa hiyo sukari na tansio zinapoiharibu mishipa ya mwili, ile midogo ndiyo huziba mwanzo, pengine miaka kadhaa kabla moyo haujalalamika. Niliyemwonea aibu miezi minane alikuwa mjumbe, na mjumbe hauawi. Daktari aliniandikia dawa, akanionya kwamba baadhi ya dawa za tansio zenyewe hupunguza nguvu hizo, na kwamba nikiona hivyo nirudi anibadilishie, nisiziache kimyakimya kama wanavyofanya wengi.

Jioni hiyo nilimweleza mke wangu yote, ukiwemo ule unga. Alicheka, halafu akanyamaza, halafu akasema kwamba tangu hedhi yake ikome mwaka uliopita anasikia ukavu na maumivu, na alikuwa akishukuru kimoyomoyo kwamba simsumbui. Tulikuwa wawili tunaofichana kitu kimoja chini ya blanketi moja! Tulirudi wote kituoni, naye akapewa mafuta ya kulainisha, akaelezwa kwamba homoni ikipungua ngozi ya ndani huwa nyembamba na kuchubuka upesi. Alitaka pia apimwe saratani ya mlango wa kizazi kwa siki, kile kipimo ambacho sehemu yenye kasoro kwenye mlango wa kizazi hugeuka nyeupe, ila akaambiwa kwamba baada ya hedhi kukoma sehemu inayotazamwa hujificha ndani, hivyo kwake kinafaa zaidi kipimo cha HPV, kirusi kinacholeta saratani hiyo. Kwenye kile cha siki alipelekwa mdogo wake wa miaka 38, ambaye alikuwa hajawahi kupimwa hata mara moja.

Siku tulipokwenda kuchukua majibu tulimkuta jirani yetu mmoja kwenye benchi, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi. Nikamsalimu, nikamuuliza kulikoni. Akasema anaumwa mgongo.