Bakuli moja vichwa vitatu, nilichojifunza kwenye kondishena za nyumbani

Mi nilianza kutengeneza kondishena nyumbani kwa kiburi tu, nilikua nishachoka chupa zinaisha haraka na nywele bado kavu kama katani. Nikaponda ndizi mbivu kwa uma nikaweka asali na mafuta ya zeituni, nikapaka mimi, nikampaka mdogo wangu na binti yangu, bakuli moja siku moja. Weee! Vipande vya ndizi vilikaa kichwani kwangu siku tatu, nikichana vinadondoka utadhani mba. Binti nywele zake nyembamba zikalala chapa zikawa na mafuta hadi nikamuosha tena mara mbili. Mdogo wangu tu ndo alisema afadhali.

Basi nikaanza kuangalia kila kichwa kivyake. Zangu ni kipilipili, nzito, ukimwagia maji yanakaa juu kama matone hayaingii. Nikahamia parachichi nusu, tui zito la nazi vijiko vinne vya chakula na asali kijiko kimoja, nasaga kwenye blenda halafu NACHUJA kwa kitambaa (kwa ndizi nishakoma). Mwanzoni sikuona tofauti kubwa mpaka siku nilipovaa kofia ya plastiki nikafunga na taulo la moto juu yake, nusu saa, aisee zikateleza zenyewe kwenye kitana. Kwa nywele zangu joto ndo linafanya kazi, parachichi bila joto unakua umejipaka chakula tu.

Mdogo wangu nywele zake zina dawa ya kunyoosha, zinakatika kwenye ncha. Yeye yai moja na mtindi vijiko viwili. Mara ya kwanza nikamsuuza kwa maji ya moto, yai likaiva kichwani, tulichambua vipande huku tunacheka tunalia, so maji ya baridi lazima. Akanogewa akawa anapaka kila wiki, nywele zikawa ngumu kama ufagio. Tumepunguza mara moja kwa mwezi, wiki nyingine anatumia tui na asali, zimelainika ila kukatika bado kupo, dawa ikishalegeza nywele yai haliwezi kuziunga upya tusidanganyane.

Binti hatumii mafuta kabisa. Aloe vera vijiko vitatu na asali nusu kijiko, napaka kuanzia katikati kwenda kwenye ncha, ngozi ya kichwa siigusi, dakika kumi nasuuza. Ukikata jani la aloe vera lisimamishe kwanza ule utomvu wa njano uchuruzike, mi sikujua akawashwa shingo nzima, siku hizi tunajaribu kidogo mkononi kwanza. Mwisho namwagia siki ya tufaha kijiko kimoja kwenye kikombe cha maji, nywele zinang'aa, ila afumbe macho maana iliwahi kumuingia na siku hiyo hatukuelewana.

Kitu kingine usitengeneze nyingi, humo hamna dawa ya kuzuia kuoza. Niliacha ya parachichi kwenye friji wiki nzima, kufungua harufu ikanipiga nikamwaga yote. Sasa hivi nagandisha kwenye trei ya barafu, nikitaka natoa vipande vinne vinayeyuka wakati naosha kichwa.