Rubani aliyekuja kusoma picha za matiti

Jana nlikuwa kwenye benchi namsubiri mama apigwe mammogramu, ile picha ya eksirei ya matiti, moyo unaenda mbio, nikasema ngoja nisome kitu kwenye simu nisije nikalia mbele za watu, ndo nikakutana na habari za Dr. Granville Coggs. Jamani huyu mzee!

Kazaliwa 1925 Pine Bluff, Arkansas, enzi zile Marekani mtu mweusi anatengwa mpk kwenye basi. Vita ya pili ya dunia ikaja akajiunga na jeshi, akawa mmoja wa wale Tuskegee Airmen, yaani marubani weusi wa kwanza wa jeshi la Marekani, na hakusomea urubani peke yake, alifuzu pia kupiga bunduki akiwa angani na kulenga mabomu. Yaani fani 3 kwa kijana wa miaka ishirini hivi, wakati kuna wakubwa jeshini walikuwa wanasema mweusi hana akili ya kurusha ndege!

Vita ikaisha kabla hajapelekwa mapambanoni. Wengi hapo tungekata tamaa, yeye karudi shule, 1953 akamaliza udaktari Harvard, akawa daktari wa picha za eksirei, na alichokomalia sana ni kuigundua saratani ya matiti mapema. Hapo nikaishiwa nguvu kabisa, maana mama yangu alikuwa nyuma ya ule mlango kwa ajili ya kipimo hichohicho.

Mzee alifariki 2019 huko Texas, ana miaka 93. Mama alipotoka nikamsimulia yote tukiwa kwenye daladala, akanishika mkono, akaniuliza mara mbili jina lake nani.