Benjarong ikitoka kabatini ikapanda ukutani

Bangkok, usiku. Miguu inauma ila silali mpaka niandike hii kwanza.

Dada leo kashinda soko la Pratunam anachukua mzigo wa nguo za dukani kwake, mimi nikamwomba anisamehe nikaenda zangu hekalu la Wat Ratchabophit. Kazi yangu ni finishing za nyumba, tailizi na kuta, kwa hiyo popote nikiingia macho yanaanza na ukuta kabla ya watu. Na ule ukuta jamani! Hekalu lilijengwa kuanzia 1869, enzi za mfalme Rama V, na kuta za nje zimevikwa tailizi za benjarong, ile kauri ya Thailand ya nakshi za rangi, ni vimaua vidogo vidogo vya rangi rangi, ukisimama mbali unasema hiki ni kitambaa kimetandazwa, ukisogea ndo unaona kila ua lina mpaka wake na hakuna lililokosewa.

Benjarong maana yake rangi tano. Vilikuwa vyombo vya ikulu, bakuli za mifuniko na sahani, nakshi ni za Kisiam, yaani za Thailand ya zamani, lakini kauri ilikuwa inachomwa China ndo inaletwa kwa meli. Rama V akaitoa mezani akaiweka ukutani, miaka zaidi ya 150 iliyopita. Ndo maana nikisikia watu wa usanifu wa majengo leo wanaongelea benjarong ukutani kama wazo jipya kabisa nasema hapana, njia ilishapasuliwa, sisi tunaifuata tu.

Jana nilikuwa Don Kai Dee, kijiji cha mafundi wa benjarong mkoa wa Samut Sakhon, jirani tu na hapa. Wengi walianzia kwenye kiwanda cha vyombo, kikafungwa, wakarudi nyumbani na ujuzi wao wakaanza kuchora uani kwao. Nilikaa na mama mmoja karibu saa mbili nzima. Sahani nyeupe iko juu ya kigurudumu, anaizungusha kwa mkono wa kushoto, kulia ana brashi nyembamba kama unywele, anachora mistari ya dhahabu kwanza. Dhahabu yenyewe ikiwa mbichi ni ya kahawia, nzito, mimi nilidhani ni kahawa! Mistari ikishafunga vile vyumba vidogo ndo anajaza rangi, chumba kimoja kimoja, halafu inaingia kwenye tanuru kwenye nyuzi joto kama 800 hivi, na huko ndani ndo ile kahawia inageuka dhahabu. Akachukua sahani iliyokwisha iva, akanishika kidole akakipitisha juu yake taratibu, nikasikia vituta, rangi imesimama juu ya kauri.

Sasa jioni ya leo nikapita hoteli moja, jina siliweki, niliambiwa mapokezi yao wameyafanya benjarong tupu. Kweli ukuta ni mkubwa na kwa macho ni mzuri. Nikaweka kidole. Kikateleza kama kwenye kioo. Picha imeprintiwa na mashine, dhahabu ni rangi ya njano tu, na mimi nikaumia kabisa moyoni kwa sababu nilikuwa bado namkumbuka yule mama na mgongo wake ulivyoinama. Nakshi imefufuliwa sawa, lakini mkono uliobuni ile nakshi haujapata hata oda moja.

Najua bajeti na najua mteja anavyopiga simu anauliza mtamaliza lini. Ila si lazima ukuta mzima uchorwe kwa mkono. Weka mkanda mmoja usawa wa macho, pale mtu atakapogusa, kwingine kote weka nyeupe, ukuta utapumua na kijijini kutakuwa na kazi ya miezi. Na fundi aelezwe mapema, dhahabu ya juu ya kauri inakwaruzika, grauti, ule ujazo wa katikati ya tailizi, iwe laini isiyo na mchanga na ile tabia yetu ya kusafisha tailizi kwa asidi ife kabisa.

Hii kitu inanigusa pengine kwa sababu ya Kunduchi, kule Dar es Salaam. Tangu mdogo nimeyaona yale makaburi ya zamani, wazee wetu wa pwani walipachika sahani na bakuli za Kichina kwenye nguzo, nyingi zimeshang'olewa, yamebaki mashimo ya mviringo kwenye chokaa. Hapa ng'ambo ya mto, hekalu la Wat Arun, mnara mzima umepambwa kwa vipande vya kauri za China na makombe ya baharini, vipande vimepangwa vikawa maua. Wale na sisi tulipokea kauri ileile ya melini tukaona mahali pake ni ukutani, hadharani, kila mtu aione.

Jana kabla sijaondoka nilimuuliza yule mama kama anaweza kunichorea tailizi bapa, sita tu za kuanzia. Akacheka, akasema amezoea vya mviringo, bapa hakina kigurudumu cha kumsaidia, na kwenye pembe maua lazima yakutane. Halafu akachukua kalamu akaanza kupima palepale mezani. Kasema nirudi Alhamisi zitakuwa zimetoka tanuruni. Ndege yetu ilikuwa Jumatano usiku. Dada ataondoka na mzigo, mimi tiketi nimeshabadilisha.