Vidonge vya Jumapili

Hapa Mafinga ukisema vidole vinauma, kila mtu atakuambia ni baridi. Ota moto, vaa soksi mikononi, chua na mafuta. Mimi ni fundi cherehani, na ilifika mahali asubuhi siwezi kutunga uzi kwenye sindano mpaka binti yangu anitungie. Vipimo vya Iringa mjini vikaonyesha kinga yangu ya mwili inashambulia viungo vyenyewe. Nikapigwa picha ya kifua, nikapimwa damu, ini na figo, ndipo daktari akanianzishia methotrekseti, dawa ya kuituliza hiyo kinga.

Haina haraka. Huchukua wiki 6 hadi 12 kuonyesha kazi yake, na wengi hukata tamaa hapo katikati. Mimi Januari hii nimeshona sare za shule kwa mikono yangu mwenyewe.

Lakini jamani, hii dawa inamezwa MARA MOJA KWA WIKI. Ukiimeza kila siku kama Panadol, mdomo unajaa vidonda, uboho unashindwa kutengeneza damu, na mtu anaweza kufa. Juu ya kopo langu nimeandika JUMAPILI kwa maka peni, na nyumba nzima inajua. Foliki asidi, vitamini ya kusaidia kutengeneza damu, naimeza siku nyingine, kama nilivyoelekezwa.

Mwaka jana nilibanwa na kikohozi, nikaenda duka la dawa. Kabla sijamaliza kujieleza, Septrin, ile antibayotiki, ilishafungwa kwenye bahasha. Nikamwambia dada wa dukani natumia methotrekseti, naye hakujua kuna shida. Shida ipo, tena kubwa: zote mbili zinazuia foliki kufanya kazi mwilini, na zikikutana damu inaweza kuporomoka. Niliiacha pale pale kaunta, nikaenda kwa daktari. Ukiwa kwenye dawa hii, homa na kikohozi si vya kununulia vidonge dukani.

Msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, ukifika nakaa na wenzangu, nakunywa chai. Ini langu lina kazi ya kutosha.

Wifi yangu wa Makambako anaumwa magoti, akaniomba "viwili tu vya kujaribia". Anatafuta mtoto, na dawa hii huharibu mimba. Mwanamke anatakiwa awe ameiacha miezi kadhaa kabla ya kushika ujauzito. Nilimnyima. Nikamtumia nauli aende hospitali akapimwe.