Flaubert na Sand: Kupendana Bila Kukubaliana

Barua za waandishi wanaopendana kazi hunichosha upesi, kwa sababu nyingi hazina zaidi ya sifa: huyu anamtukuza yule, yule anarudisha shukrani, na sisi tunaosoma baadaye hatuna letu humo. Za Gustave Flaubert na George Sand, mwanamke aliyeandika kwa jina la kiume, wote wawili waandishi wa riwaya wa Ufaransa wa karne ya kumi na tisa, ni za namna nyingine, na ndizo ninazozirudia kuliko zote.

Mwanzo wake ulikuwa wa kawaida tu. Januari 1863 Sand, ambaye jina lake lilikuwa limekwisha kuvuma Ufaransa nzima, aliisifu gazetini riwaya ya Flaubert iliyokuwa ikishambuliwa na wahakiki, naye Flaubert akamwandikia kumshukuru. Kuanzia 1866 barua zilishika kasi, na hazikukoma mpaka Sand alipofariki. Mama huyo alimzidi mwenzake umri kwa miaka 17. Flaubert alimwita mwalimu wake, na Sand, kwa utani, akamwita malenga wake mzee.

Katika uandishi wenyewe hawakufanana hata kidogo. Sand aliandika usiku baada ya usiku, akamaliza kitabu na kuanza kingine, ilhali Flaubert alimwambia, Novemba 1866, kwamba yeye Sand hajui maana ya kushinda kutwa umeshika kichwa kwa mikono miwili, ukiukamua ubongo ili upate neno moja. Mtu mwingine angeona amesimangwa kwa wepesi wake. Sand alijibu kwamba kinubi chake kikuukuu hupigwa na upepo upendavyo, kwamba anayeimba ndani yake ni mwingine, na kwamba akilifikiria hilo huingiwa na hofu na kujiona si kitu. Sijui kama kuna mwandishi mwenye jina kubwa kiasi kile anayeweza kumwambia hivyo mtu mdogo wake bila kutafuta kupingwa.

Ubishi wao mkubwa ulihusu nafasi ya mwandishi ndani ya hadithi. Flaubert alishikilia kwamba mwandishi hana haki ya kutoa maoni yake juu ya wahusika. Sand aliona kwamba kuuficha moyo wako ni kumnyima msomaji kitu anachostahili. Jambo hili walilijadili kwa miaka, lakini lilipamba moto majira ya baridi ya 1875 kuingia 1876, wakati Flaubert alipokuwa ametoa mali yake kumwokoa mume wa mpwa wake asifilisike, akahofia hata kuipoteza nyumba yake ya Croisset. Sand alikuwa tayari kuinunua, kama bei isingemzidi uwezo, ili rafiki yake aendelee kuishi humo. Ni mtu huyohuyo aliyemwandikia, miezi michache baadaye, kwamba vitabu vyake huwaacha wasomaji na huzuni kuliko walivyokuwa kabla ya kuvisoma. Ukali wa namna hiyo kutoka kwa mgeni ungekuwa matusi. Kutoka kwa mtu aliyekuwa amekutetea gazetini mwaka 1869, riwaya yako nyingine ilipopondwa, ni jambo la kukaa ukalifikiria.

Flaubert alilifikiria. Mapema 1876 alianza hadithi fupi kuhusu Félicité, mtumishi wa kike asiye na elimu wala mali, anayempenda kila anayepewa kumtunza, mwishowe kasuku. Sand alifariki tarehe 8 Juni 1876, kabla haijamalizika, na baadaye Flaubert alimwandikia mwana wa Sand kwamba hadithi hiyo aliianza kwa ajili ya mama huyo pekee, ili kumfurahisha. Ilitoka kitabuni mwaka 1877. Nimeisoma nikimtafuta anayeshinda ule ubishi, na kila mara naona kwamba Flaubert hakuachia hata sentensi moja ya kumsifu Félicité kwa sauti yake mwenyewe. Kanuni yake haikuvunjwa popote. Hata hivyo sioni kitabu chake cha kabla ya hapo ambacho kinampenda mhusika wake kwa kiasi hicho, na sidhani kwamba angekifikia bila kuudhiwa kidogo na barua za Sand.