Diski imekaa, kompyuta haiioni

Usiku wa tatu huu nalala saa nane na hata gemu moja sijacheza. Ilianza niko chini sakafuni hapa Kireka, kando ya Kampala, kesi ya kompyuta iko wazi ubavuni, simu nimeing'ata mdomoni inimulikie, natafuta SSD, diski ya kasi isiyozunguka, ya TB 1 ambayo naiona kwa macho yangu mawili lakini kompyuta inasema haipo.

Hii mashine nimeikusanya mdogo mdogo tangu mwaka jana kama mtu anayejenga nyumba kijijini, mwezi huu matofali mwezi ujao mabati. Mazabodi, bodi kuu inayobeba vyote, ni B450 ya mitumba. Prosesa Ryzen 5 5600, na hiyo pekee ilinila wiki mbili maana B450 zilitoka 2018 na prosesa hii ni ya 2022, BIOS (programu ya kuwashia bodi) ya zamani haiitambui kabisa, mpaka fundi mmoja wa mjini akaweka kwanza prosesa yake ya kizamani, tukasasisha BIOS kwa flashi, ndo yangu ikawaka. Ramu DDR4, hapo hakuna cha kuchagua, bodi za AM4, soketi ya prosesa hii, hazipokei ramu mpya za DDR5 hata ulie. Kadi ya picha ni RX 580, imetumika sana, inakula wati 185 peke yake, ndo maana pawa saplai nilikataa ile ya bure niliyopewa na kaka nikanunua ya wati 550.

Sasa diski. Marafiki wote wananiambia achana na HDD, diski ya kuzunguka, hayo ni mambo ya kale. Mimi nakataa. Wanaosema hivyo wana intaneti ya waya nyumbani, mimi nanunua bando. Gemu ya mpira EA Sports FC 24 inadai GB 100 za nafasi, ukiifuta leo kisa diski imejaa, kesho ukiitaka unaanza upya kudownload na mfuko unalia. Kwa hiyo HDD ya TB 2 kwangu ni ghala. Mahindi yanakaa ghalani, ya kupika leo ndo yanaingia jikoni, na Steam yenyewe, duka la gemu la mtandaoni, inakuruhusu kuhamisha gemu toka diski moja kwenda nyingine bila kushusha tena. Ni polepole ndiyo, nahamisha naenda kula rolex, chapati ya mayai, narudi inamalizia.

Jiko ndo SSD. Dukani nilijiona mjanja kweli. Muuzaji alikuwa ananisukumia ile ya MB 7,000 kwa sekunde, nikamwambia bosi, B450 njia yake ya data ni PCIe ya 3, nikiichomeka pale itaishia kwenye 3,500 hivi, nipe ya bei ya chini. Akacheka, akaniita injinia. Nikalipa laki tatu na nusu natembea kifua mbele mpaka steji.

Injinia huyo huyo hakuangalia kitu kimoja. Bodi yangu ina sloti mbili za M.2, za kuchomeka SSD. Ya juu karibu na prosesa ilikuwa na NVMe yangu ndogo ya GB 250 yenye Windows, basi hii mpya nikaitia ya chini. Ikaingia vizuri tu. Nikawasha, hakuna kitu. Nikatoa nikafuta nikarudisha, hakuna. Asubuhi nikairudisha dukani, wananiambia ssebo ukishafungua paketi hatupokei, na wakaijaribu kwenye mashine yao mbele yangu ikaonekana palepale. Aibu banange.

Kumbe M.2 ni jina la umbo tu, kile kijibao cha upana milimita 22 na urefu 80. Ndani yake inaweza kuwa inaongea SATA, lugha ya zamani ya diski, au inaongea NVMe, ile ya kasi, na sloti yangu ya chini inajua SATA peke yake, hii mpya ni NVMe. Nilijikumbuka wiki yangu ya kwanza Kampala, mtoto wa Arua nimekaa kwenye taksi ya Ntinda, kiti kimenitosha, nauli nimelipa, na mazungumzo yote ya Kiganda yananipita juu ya kichwa.

Nikabadilisha basi. TB 1 ikapanda juu, Windows nikaiweka upya, ile ndogo nikaifanya ya nje kwa kikasha cha USB. Ya chini nikatia SSD ya SATA iliyotoka kwenye laptopu ya dada iliyokufa, ile yenye mapengo mawili kwenye meno yake, ya NVMe huwa na pengo moja. Ikaonekana mara moja, nikapiga kelele peke yangu usiku.

Halafu HDD ikapotea.

Ghala lote! Nilidhani imekufa, maana jioni umeme ulikuwa umekatika katikati ya kuhamisha gemu, na diski ya kuzunguka haipendi mchezo huo. Nikajilaumu saa nzima kuhusu UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika, ambayo kila mwezi naahirisha. Mwisho nikafungua kitabu cha bodi kwenye simu, PDF, kitu ambacho ningefanya siku ya kwanza kama siyo ujuaji, na kimeandikwa kabisa: sloti ya pili ya M.2 inatumia njia moja na tundu la tatu la SATA, ukiweka hapa kule kunazimika. Nikahamisha waya wa HDD toka tundu la 3 kwenda la 1. Ikaanza kuunguruma.

Kilichobaki ni skrubu. Bodi za mitumba mara nyingi huja bila zile skrubu ndogo za M.2, na nyingine yoyote haiingii. Fundi wa laptopu mjini kaniuzia moja kwa shilingi 500 akitoa kwenye kopo lake la vipuri, hiyo nimefungia ya juu. Ya chini nimeishika kwa selotepu kwanza, mwisho wa wiki nitampitia tena nione kama kopo lina ingine, na Yaka, umeme wa kulipia kabla, imebaki uniti mbili, nalala.