Sijakataa, Nauliza

Jumamosi asubuhi jirani yangu alileta vijana watatu wenye mapanga wafyeke ua wake wa minyaa. Anataka kujenga ukuta wa matofali. Nilikuwa uani naanika nguo, harufu ikanifikia: ile harufu mbichi, kali, ya maziwa ya mnyaa yanapomwagika. Niliacha shati likining'inia kwa kibanio kimoja, nikaingia ndani nikakaa. Binti yangu akauliza, "Mama, ni vumbi?" Nikamwitikia kwamba ni vumbi.

Nilimdanganya. Mara ya mwisho kusikia minyaa mingi hivyo ikikatwa kwa mpigo nilikuwa darasa la nne, na ua uliokuwa ukikatwa ulikuwa wetu.

Kwetu ni Usukumani, Shinyanga. Kaya moja juu ya kilima kidogo, minyaa pande zote, zizi katikati, ngitili ya baba upande wa machweo ambako nyasi zilitunzwa kwa ajili ya ndama wakati wa kiangazi. Jirani wa karibu ukimwita kwa sauti atasikia, lakini haoni umepika nini. Wasukuma wengi tuliishi hivyo, wala si kwa sababu hatukupendana. Mtu akizidiwa na palizi, majirani walikuja na majembe yao, wakalima kwa nyimbo, wakala, wakaondoka. Ila mwenye shamba ndiye aliyewaita.

Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji vya pamoja sasa ni amri, na kwamba hadi mwisho wa 1976 wananchi wote wa mashambani wawe wamehamia. Sisi tulifikiwa na operesheni hiyo ya kuhamisha watu kiangazi cha 1974.

Naomba nilieleze hili polepole, kwa sababu kila nikimtaja baba kuna mtu huniambia kwamba alikuwa mpinga ujamaa. Hakuwa. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini, wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walichoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi, wakaweka wapima uzito wao wenyewe wa kuhakiki kila kilo. Baba alikuwa mmoja wao kwa misimu miwili. Kutokana na harakati zile vikakua vyama vya ushirika, na 1955 vikaungana kuwa shirikisho kubwa lililokuja kumiliki viwanda vyake vya kuchambua pamba. Hakuna aliyewasomba kwa lori. Baba aliujua umoja tangu ulipokuwa watu wachache na mizani moja, na aliupenda kuliko wengi waliokuja baadaye kumhubiria.

Wakati ule alikuwa akihesabu kwa kichwa tu. Kuandika alijifunza ukubwani, katika kisomo cha ngumbaru, chini ya mti uleule ambao sisi watoto tulisomea asubuhi. Alipojua tu kuunganisha herufi, akanunua daftari la kurasa thelathini na mbili na penseli, akaanza kuandika mvua. Siku iliyonyesha, upande ilikotokea, shamba lililopata na lililokosa. Kisha akaandika udongo: hapa luseni, ule wa mchanga unaofaa karanga, pale mbuga nyeusi, na kule chini kando ya barabara ibambasi, udongo ambao mvua ikinyesha maji yanasimama juu yake, na jua likiwaka unakuwa mgumu kama sakafu.

Kijiji kipya kilipangwa kando ya barabara.

Mkutano ulifanyika chini ya mkuyu. Sisi wanafunzi tulikaa mbele kabisa, tumeoga, tumepakwa mafuta, tukaimba nyimbo mbili tulizofundishwa kwa wiki nzima. Mwalimu wetu wa shule alikuwa ametuelekeza: katibu wa chama akisema wanyooshe, nanyi mnyooshe. Kinamama walikuwa kulia na kinababa kushoto. Baba alikaa mstari wa tatu juu ya kigoda alichokuja nacho, daftari limelala gotini, kiganja kimelifunika kama mtu anayezuia karatasi isipeperushwe na upepo. Hapakuwa na upepo.

Katibu alisema vizuri. Sikumbuki yote, ila nakumbuka aliahidi shule ya madarasa saba, zahanati, bomba la maji na duka. Mama alikuwa anatikisa kichwa kukubali alipotaja zahanati. Kisha akasema, "Wanaokubali wanyooshe mikono!"

Ikanyooka. Mbele, nyuma, kulia, kushoto. Wangu pia. Niliunyoosha hadi bega likauma kwa sababu nilikuwa mfupi na nilitaka uonekane. Nikageuka kumtafuta baba ili anione nilivyonyoosha. Alikuwa ananiangalia. Kiganja chake kilikuwa bado juu ya daftari.

"Wasiokubali?"

Hapo pia hakunyoosha. Hakuna aliyenyoosha. Katibu akasema, "Basi tumekubali sote," makofi yakaanza, na baba akasimama katikati ya makofi. Yalichukua muda kwisha. Watu wa mbele hawakumwona, waliendelea kupiga. Wa nyuma waliacha. Ikabaki mikono yetu sisi watoto peke yake, kisha nayo ikanyamaza.

"Ndugu katibu, mimi sijanyoosha."

"Kwa hiyo unakataa, mzee."

"Sijakataa. Nauliza."

Akafungua daftari, akasoma. Alisoma kama wasomavyo ngumbaru, kidole chini ya kila neno, na kwenye maneno marefu alisimama, akarudi nyuma, akaanza upya. Alisoma siku ambazo maji yalisimama pale barabarani mwaka uliopita na mwaka wa kabla yake. Alisoma umbali wa lambo lililo karibu, kwa hatua, maana alikuwa amepima kwa hatua zake mwenyewe. Akauliza tutalima nini juu ya ibambasi. Akauliza ng'ombe wa kaya zote zile, wakilala mahali pamoja, watakula majani ya wapi ifikapo Septemba. Akasema kama kijiji ni lazima, basi kisogezwe juu kidogo, kwenye luseni, yeye yuko tayari kuwa wa kwanza kubomoa nyumba yake. Nilisikia wazee wawili watatu wakiguna ile "ee" ya mtu anayekubali bila kutaka kujulikana.

Katibu alimsikiliza. Nasema kweli, hakumkatiza. Alipomaliza, akamwuliza neno moja tu.

"Mzee, nani amekutuma?"

Baba hakuelewa. Akajibu, "Sijatumwa. Nimeyaona mwenyewe."

"Nakuuliza tena. Nani amekutuma?"

Swali hilo nimeishi nalo miaka hamsini. Zamani nilidhani katibu alikuwa anamtisha. Sasa nadhani alikuwa anauliza kwa dhati kabisa, na hilo ndilo linaloniumiza. Alikuwa kijana mwerevu, lakini hakuweza kuamini kwamba mkulima aliyejifunza kusoma juzi anaweza kukaa juu ya kilima chake, akatazama mvua, akafika mahali kwa akili yake mwenyewe. Wazo lazima liwe na mwenyewe mkubwa zaidi, bwenyenye fulani au adui fulani. Na wakati ule viongozi nao walikuwa na hofu: siku ya Krismasi ya 1971 Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, alikuwa amepigwa risasi kule Isimani na mkulima Saidi Mwamwindi, ambaye baadaye alinyongwa. Baada ya hapo, nadhani, kila mkulima aliyesimama mkutanoni alionekana ameshika bunduki, hata akiwa na daftari.

Baba akatazama upande wa kinababa. Kulikuwa na rafiki yake mmoja aliyelima naye mpaka kwa mpaka, aliyeujua ule udongo kuliko yeye. Yule rafiki aliinama akatazama ndala zake. Simlaumu. Alikuwa na watoto tisa.

"Basi hakuna," alisema baba, akakaa.

Katibu akatoa daftari lake mwenyewe mfukoni, akauliza jina, akaandika.

Mengine yalikwenda haraka. Baba alilala siku mbili huko walikompeleka, akarudi bila kusema kitu. Wiki iliyofuata lori lilikuja na mgambo. Waliezua paa, wakafyeka minyaa ili lori liingie hadi mlangoni, na maziwa yake yakamrukia mdogo wangu machoni, akalia njia nzima. Mama alipakia jiwe la kusagia kabla ya kitanda. Tulilala mwezi mzima chini ya turubai. Mvua zilipokuja maji yalisimama pale barabarani kama ilivyoandikwa. Njaa ya mwaka ule mnaijua, na ule unga wa mahindi ya njano tuliouita yanga, kwa rangi ya timu.

Usiku mmoja chini ya turubai baba aliniuliza, "Ulinyoosha mkono?"

"Ndiyo, baba."

"Ulikuwa umekubali?"

"Mwalimu alisema tunyooshe."

"Simwulizi mwalimu."

Nilinyamaza. Hakurudia swali hilo hadi anafariki.

Katika kijiji kipya nyumba zilipangwa mistari. Mtu akipiga chafya, nyumba ya nne wanasema afya. Kuna waliofurahia, na mama alikuwa mmoja wao. Alikuwa na wenzake wa kwenda nao kisimani. Baba alikonda, na sidhani ilikuwa njaa peke yake. Kila jioni alikuwa akitoweka. Balozi wa nyumba kumi akamwuliza anakwenda wapi. "Nakwenda kufikiri." Balozi akapeleka habari kwamba mzee analima mahame kwa siri. Mgambo wakamfuata, wakamkuta ameketi kilimani kati ya visiki vya minyaa vilivyoanza kuchipua, hana jembe wala mbegu, ana penseli. Wakamrudisha. Kesho yake akaenda tena. Baadaye wakamwacha, wakasema amerukwa na akili.

Hakuwa amerukwa na akili. Kuna mtu ambaye bila nafasi ya kutazama jambo peke yake, pasipo anayemtazama anavyolitazama, hupungua kila siku mpaka anabaki wa kuhesabiwa tu. Baba alikuwa wa aina hiyo, na mimi ni mtoto wake. Nilipofika sekondari, baada ya 1977, tuliitikia kila mkutano, "Zidumu fikra za Mwenyekiti!" "Zidumu!" Niliitikia kwa sauti kubwa, huku nikiwaza fikra za mtu mmoja wa kilimani zidumishwe na nani.

Lakini niwe mkweli hadi mwisho. Zahanati ilijengwa kweli, na ndiyo iliyomwokoa mdogo wangu wa mwisho na surua. Shule ilifika darasa la saba, na bila darasa la saba nisingekuwa na herufi hizi mnazozisoma. Naandika kumtetea baba kwa elimu niliyoipata mahali ambapo baba hakutaka twende. Nimejaribu mara nyingi kulipima hilo na halipimiki. Labda zahanati isingetufikia kilimani. Labda ingejengwa kwenye luseni, hatua mia chache juu, kama yule katibu angesema, "Hebu lete hilo daftari."

Ukubwani nilisoma habari za Litowa, kule Ruvuma, na vijiji wenzake, ambao walianza ujamaa wao kwa hiari na kwa kuamua mambo yao wenyewe, hadi chama chao cha maendeleo kikavunjwa Septemba 1969. Nilirudi nyumbani likizo nikamsimulia baba, nikitarajia akasirike. Alikaa muda, kisha akauliza udongo wao ulikuwaje.

Baada ya 1986, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza, nchi yetu ilikuwa imebaki tupu. Ngitili zilikuwa karibu zimekwisha. Vijana wawili wa misitu walikuja kijijini kuwauliza wazee, ngitili zenu zilikuwa wapi, mlizitunzaje. Baba akawapeleka kilimani, akawafungulia madaftari. Wakati huo yalikuwa kumi na moja. Walikaa naye mchana kutwa wakiandika, na hawakumwuliza nani alimtuma. Mama anasema usiku ule baba alikula ugali wote, akaomba mwingine.

Madaftari ninayo mimi sasa, kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Jumamosi, vijana walipomaliza kufyeka, niliyatoa nikatafuta siku ya mkutano. Ameandika: "Hakuna mvua. Hakuna upepo. Mkutano." Kurasa nne zinazofuata ni tupu. Nimezipekua zote, ya mbele na ya nyuma, nikitafuta kama aliandika popote kuhusu mkono wangu.

Hakuandika.